Uzi: Silaha za kwetu na klasi zetu ndani ya D&D toleo la 5: hesabu, mabadilishano na panapoharibika

#1 FundiDadu

Wakuu, swali la "rungu linapiga dadu gani" halikauki, na majibu hayafanani. Naweka hapa jinsi ya kuunda silaha na kurekebisha klasi bila kuvunja meza. Msingi ni sheria za 2014 za D&D (Dungeons & Dragons), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Klasi ni kazi ya mhusika, kama Mpiganaji, Mjanja (mviziaji) au Mtawa, na ngazi ni hatua anazopanda ndani yake. Pale za 2024 zinapoachana nazo nitataja.

Istilahi kwanza, tusije tukabishana kwa maneno. Vipimo vya mhusika ni Nguvu, Wepesi, Uhimili, Akili, Busara na Haiba. Kinga ni namba ambayo dadu ya shambulio inatakiwa kuifikia. Silaha ya "ustadi" inakuruhusu kutumia Wepesi badala ya Nguvu. Silaha "nyepesi" unaweza kupigana nayo ukiwa na nyingine mkono wa pili. Ya "hiari" inashikwa kwa mkono mmoja au miwili, na ukiishika kwa miwili dadu inapanda. "Ya kurushwa" inajieleza; namba kama 20/60 ni futi za umbali wa kawaida na wa mwisho. Silaha "sahili" ni rahisi kutumia, za "kivita" zinahitaji mafunzo. d4, d6 na d8 ni dadu za pande 4, 6 na 8.

Kabla ya kuandika namba yoyote jibu maswali matatu: inashikwaje, inaumiza kwa sehemu gani, na mkono wa pili unafanya nini wakati huo. Jina liwe la mwisho. Silaha nyingi mbovu ninazoziona zimeanza na jina zuri, kisha mtu akatafuta nguvu ya kulitukuza.

Kipimo cha haraka kwa silaha za kivita za mkono mmoja, ambacho kimetoka kwenye jedwali lenyewe la kitabu:

- d8 ikiwa na sifa moja (upanga mrefu: hiari, rapia, ule upanga mwembamba wa kuchoma: ustadi)
- d6 ikiwa na sifa mbili (kitara na upanga mfupi: ustadi na nyepesi)
- d4 ikiwa na kufika futi 10 pamoja na ustadi (mjeledi)

Silaha sahili hukaa ngazi moja chini, ila jedwali lenyewe halina msimamo: shoka la mkono ni sahili, lina d6, ni jepesi na linarushwa, kwa hiyo limelingana na za kivita. Usijifiche nyuma ya shoka la mkono kutetea silaha yako.

Sasa za kwetu.

Mkuki wa moran. Ule mrefu wa Wamasai una vipande vitatu: jani refu jembamba la chuma, mpini mfupi wa mti katikati, na mtalimbo mrefu wa chuma nyuma. Ni mzito na unatumika pamoja na ngao. Mkuki wa kitabu (sahili, d6, kurushwa futi 20/60, hiari d8) hauutoshi, kwa sababu sifa ya hiari inaupa faida mtu asiye na ngao, kinyume kabisa na matumizi yake. Toa hiari, upandishe dadu: kivita, d8 ya kuchoma, kurushwa 20/60, ratili 4, dhahabu 5. Unakaa sawasawa kwenye mstari wa kwanza wa kipimo.

Sime. Bapa linapanuka kuelekea nchani, uzito uko mbele, mpini umevikwa ngozi na hauna kikingio cha vidole. Ni silaha ya kukata. Chukua namba za kitara (d6 ya kukata, ustadi, nyepesi), weka bei ya upanga mfupi, dhahabu 10 badala ya 25. Basi. Ila kumbuka kuandika kwamba Mtawa anaweza kuitumia, maana kwenye sheria za 2014 upanga mfupi umetajwa kwa jina katika silaha zake na sime haimo. Za 2024 zimeliondoa tatizo: silaha yoyote ya kivita ya karibu iliyo nyepesi inamfaa.

Jambia. Kisu cha kitabu kinarushwa. Jambia limepinda, na hakuna anayerusha jambia lenye ala ya fedha. Toa kurushwa. Badala yake: kulichomoa hakuli ile nafasi moja ya bure ya kushika kitu katika zamu, kwa kuwa linakaa mbele kiunoni. Ni faida ndogo kwa hasara ndogo.

Panga za pwani. Kiswahili cha zamani kinatofautisha upanga wa felegi (mrefu, umenyooka, makali pande mbili) na upanga wa imani (mfupi, wenye kikingio cha msalaba). Wa imani ni upanga mfupi wa kitabu bila kubadili kitu. Wa felegi usiupe hiari. Huo ni wa mkono mmoja. Upe d8 ya kukata na ustadi, yaani rapia inayokata. Na mkitaka kitara, jina tunalo tayari kwa upanga uliopinda, msitafute lingine.

Rungu nimeliacha makusudi, najua litaleta maneno.

#2 Kete_Mbili

Na yaje. Rungu ni nyundo ndogo ya kitabu: sahili, d4 ya kuponda, nyepesi, kurushwa 20/60, ratili 2. Halihitaji sheria mpya, badilisha jina tu. Kwa kweli nusu ya silaha ulizoandika hapo juu zingeweza kubadilishwa jina tu mchezo ukaendelea.

#3 Mwanahesabu_K

Naunga mkono la nyundo ndogo, ila kuna mambo mawili ambayo jina peke yake halitatui.

La kwanza ni kuzimisha. Kwa sheria, ukimfikisha adui sifuri kwa shambulio la karibu unaweza kuchagua azimie badala ya kufa. Kwa shambulio la kurusha huwezi. Rungu ni silaha ya kurusha ambayo mtu anategemea imwangushe mlengwa bila kumchoma. Kwa hiyo andika mstari mmoja tu: "Ukimfikisha adui sifuri kwa rungu lililorushwa, unaweza kumzimisha." Haugusi hesabu ya madhara, lakini unabadilisha kabisa namna wachezaji wanavyowakamata watu wa kuhojiwa.

La pili ni ustadi. Kuna watakaotaka rungu la ustadi ili Mjanja alitumie. Hapo linakuwa kisu kinachoponda: d4, nyepesi, ustadi, kurushwa. Kwa kipimo cha uzi linaruhusiwa, maana kisu chenyewe ni sahili na kina sifa hizo zote. Ila angalia aina ya madhara. Kiunzi cha mifupa kina udhaifu kwa kuponda, na shambulio la kuvizia (dadu za ziada za Mjanja) huchukua aina ya madhara ya silaha. Mjanja wa ngazi ya 5 mwenye Wepesi 18: 2.5 + 4 + 10.5 = 17 kwa pigo, na kwa kiunzi zinakuwa 34. Kiunzi kina pointi 13 za uhai. Hapo hakuna kilichoharibika, angekufa hata kwa 17. Shida itaanza ukiunda jitu kubwa la mifupa lenye pointi 120 ukalirithisha udhaifu uleule bila kufikiri.

#4 FundiDadu

La kuzimisha nimelipokea, naliingiza.

Kuhusu kubadilisha jina tu: Kete_Mbili, ndiyo, hapo ndipo pa kuanzia. Sheria mpya iandikwe pale tu ambapo silaha inafanya kitu ambacho jedwali haliwezi kukisema. Sime haifanyi. Mkuki wa moran unafanya. Abarait ya Waturkana inafanya sana: ni bapa la mviringo linalovaliwa kifundoni mwa mkono, makali yanazunguka nje na yanafunikwa kwa ala ya ngozi wakati halitumiki. Kiganja kinabaki wazi. Hakuna silaha hata moja ya kitabu inayofanya hivyo.

Pendekezo: kivita, d4 ya kukata, nyepesi, haiwezi kupokonywa, na mkono ulioivaa unahesabiwa uko wazi.

#5 Bi_Msimamizi

Mkuu, "mkono uko wazi" ndipo penye mtego. Anayefanya mazingaombwe yenye ishara za mkono anahitaji mkono wazi. Kuhani mwenye ngao na rungu anahangaika kila zamu kurudisha silaha kiunoni ili afanye uchawi, na kuna kipaji kizima kilichowekwa kwa ajili ya kuondoa adha hiyo. Abarait inampa nusu ya kipaji hicho kwa dhahabu chache.

Si lazima uikatae. Iache iwe ya kivita kama ulivyoandika, hapo Kuhani wa kawaida na Mwanachuoni (yule wa uchawi wa vitabu) hawana umahiri nayo. Ongeza kwamba zamu uliyotumia kiganja kwa ishara za uchawi, kwa upinde au kwa kupanda kamba, huwezi kushambulia kwa abarait ya mkono huohuo hadi zamu yako ijayo. Sasa ni silaha ya mtu anayepanda, anayechunga au anayepiga upinde, ambaye adui akimfikia hana haja ya kutupa alichoshika.

#6 PangaButu

Vipi shoteli ya Ethiopia, ule upanga uliopinda? Nimeona mtu ameandika "inapuuza ngao kabisa, d8, ustadi".

#7 Mwanahesabu_K

Kupuuza ngao ni +2, sawa na asilimia 10 zaidi ya kupata, lakini kwa wenye ngao pekee. Majoka, mbwamwitu na majitu mengi hayabebi ngao, kwa hiyo mchezaji ataona silaha yake haina kazi muda mwingi, kisha siku mkipambana na askari wa mji inawachinja. Silaha ya namna hiyo huwa kali zaidi mikononi mwa msimamizi (anayeendesha mchezo na maadui), kwa sababu wahusika wa wachezaji ndio wenye ngao. Ipe d6 ya kukata, kivita, bila ustadi, puuza ngao. Imetosha.

#8 Kijana_wa_Kete

Shikamooni wakuu. Mimi nilitaka jambia lipate pigo kali (ambalo kwa kawaida huja kwa 20 pekee) kwa 19 na 20, lionekane la hatari. Madhara yake ni d4 tu kwa hiyo nadhani haidhuru?

#9 Mwanahesabu_K

Marahaba. Inadhuru, na inamdhuru asiyetarajiwa. Pigo kali linaongeza dadu zote za pigo hilo mara mbili, si dadu ya silaha tu. Kuongeza 19 ni asilimia 5 zaidi ya wakati.

Mpiganaji wa ngazi ya 1: 5% ya 2.5 ni 0.125 kwa shambulio. Haonekani.

Mjanja wa ngazi ya 9: dadu zake ni d4 + 5d6, wastani 20. Asilimia 5 yake ni 1.0 kwa shambulio.

Linganisha na kupandisha dadu kutoka d4 hadi d6: wastani unaongezeka 1, ukipata kwa asilimia 65 na kuongeza pigo kali, ni 0.7. Kwa hiyo sifa uliyoiona ndogo inamshinda mtu aliyeongezewa dadu nzima, na kadiri Mjanja anavyopanda ndivyo pengo linavyokua. Mwenye Kiapo ndiye mbaya zaidi, kwa sababu anaona pigo kali kwanza ndipo anaamua kumwaga nguvu ya kiapo juu yake.

Sifa yoyote inayogusa pigo kali ipime kwa klasi inayobeba dadu nyingi, usiipime kwa silaha.

#10 Kijana_wa_Kete

Dah. Nimefuta.

#11 Bi_Msimamizi

Tuje kwenye klasi, maana huko ndiko kunakoharibika zaidi.

Majina kwanza. Yule wa hasira, wengi wanamtafsiri "Mshenzi". Pwani neno hilo lilikuwa la kumtenga mtu wa bara na muungwana. Ukimpa mchezaji karatasi imeandikwa Mshenzi, na silaha zake ni mkuki na rungu, umeshasema jambo ambalo hukulikusudia. Tumia Mwenye Ghadhabu. Ghadhabu ndiyo inayomwendesha hata kwenye sheria. Vilevile yule wa vitabu asiwe "Mchawi". Kwa Kiswahili mchawi hana upande mwema, anayetibu ni mganga. Mwanachuoni inamfaa zaidi, kwa sababu nguvu yake iko kitabuni.

Mganga mwenyewe msimbanie klasi moja. Anayefanya kazi kwa mizizi na majani ni Mlinzi wa Pori, anayeombea ni Kuhani, na anayesema kupitia pepo aliyempanda ni Mwenye Mkataba. Zote tatu zinakubali neno mganga bila kubadilisha sheria hata moja.

Na moran si klasi. Moran ni rika, kipindi kati ya uvulana na uzee, na kila aliye katika rika hilo ni moran awe hodari wa mkuki au hodari wa maneno. Mfanye kuwa usuli wa mhusika, yaani alikotoka: ujuzi mbili, vyombo au lugha mbili kwa jumla (kwa 2024 chombo kimoja), vifaa vya kuanzia. Kwa 2014 mpe Riadha na Kunusurika porini. Kwa 2024 chagua vipimo vitatu (Nguvu, Uhimili, Busara) na kipaji cha kuanzia. Sasa unaweza kuwa na moran Malenga na moran Mjanja katika kundi moja, jambo ambalo klasi ya "Shujaa wa Kimasai" ingelizuia.

#12 Kete_Mbili

Hili la rika limenigusa. Ila moran bila deraya kwenye klasi ya Mpiganaji atakufa pambano la kwanza. Kinga 10, Wepesi +2, ngao +2 ni 14. Mwenzake mwenye deraya ya minyororo na ngao ana 18.

#13 FundiDadu

Hapo unabadilishana. Andika hivi: Mpiganaji anaweza kuacha umahiri wa deraya nzito akiwa ngazi ya 1. Badala yake, asipovaa deraya, Kinga yake ni 10 + Wepesi + Uhimili, na anaruhusiwa ngao. Ni kanuni ileile ya Mwenye Ghadhabu.

Wepesi 14, Uhimili 16: 10 + 2 + 3 + 2 = 17. Yuko nyuma kwa moja mwanzoni, na atakuwa nyuma kwa tatu mwenzake akinunua bamba kamili kwa dhahabu 1,500 (18 + 2 = 20). Lakini hana adhabu ya kunyatia, halazimiki kulala amevaa chuma, na mto haumzamishi. Hayo ndiyo malipo. Msimwongezee kitu kingine kwa huruma.

Onyo: kanuni za Kinga hazijumlishwi. Akichanganya na Mtawa anachagua moja.

Onyo la pili ni ngao. Ngao ya ngozi ya nyati ina fahari yake na michoro yake, na kila mtu anataka iwe +3. Hapana. Kila +1 ya Kinga inaondoa pande moja ya dadu ya 20, lakini uzito wake hutegemea ulipo. Adui anayekupata kwa pande 13 akishuka hadi 12, madhara yanapungua kama asilimia 8. Adui anayekupata kwa pande 4 akishuka hadi 3, yanapungua robo nzima. Ndiyo maana Kinga ya juu huwa ghali sana mwishoni, na msimamizi anabaki kuongeza namba za maadui hadi wengine mezani wanaumia bure. Michoro ya ngao ipe kazi nyingine: anayeijua anatambua rika na ukoo wa aliyeibeba. Hiyo haina namba na inatumika kila mkikutana na watu.

#14 PangaButu

Naomba mfano kamili wa tawi la Mpiganaji basi, yaani njia ya utaalamu ndani ya klasi. La ngao na mkuki.

#15 FundiDadu

Tawi la Mpiganaji linatoa kitu ngazi za 3, 7, 10, 15 na 18. Msibadili ngazi hizo. Rasimu:

*Ngazi ya 3, Mkuki wa Ufunguzi.* Mara moja kwa kila pambano, ukirusha mkuki na ukapata, ongeza d8, na mlengwa anapungukiwa mwendo futi 10 hadi mwanzo wa zamu yako ijayo.

*Ngazi ya 7, Safu.* Ukiwa na ngao, mwenzako aliye ndani ya futi 5 akishambuliwa, tumia kitendo cha kujibu (unacho kimoja kwa kila duru) kumpa +2 ya Kinga dhidi ya shambulio hilo.

*Ngazi ya 10.* Mtindo wa pili wa kupigana.

*Ngazi ya 15.* Safu haitumii tena kitendo cha kujibu mara ya kwanza katika kila duru.

*Ngazi ya 18.* Ukianza zamu ukiwa chini ya nusu ya uhai na juu ya sifuri, unapata tena 5 + Uhimili.

Ya 10 na ya 18 nimeziiga makusudi kutoka tawi la Bingwa lililomo kwenye sheria za wazi. Mnapounda tawi la kwanza, ibeni ngazi mbili kutoka tawi lililopimwa, na zile tatu mzibuni wenyewe. Makosa yanapungua.

#16 Mwanahesabu_K

Ngazi ya 3 ina shimo. "Mara moja kwa kila pambano" haina maana kwenye sheria hizi, pambano halijafafanuliwa popote. Mchezaji atampiga kuku jikoni aseme ni pambano jipya. Tumia pumziko: mara fulani kisha urejeshe kwa pumziko fupi au refu.

Na usiandike "mara sawa na bonasi ya umahiri". Bonasi hiyo inapanda na ngazi zote za mhusika (+2 ngazi 1 hadi 4, hadi +6 kuanzia 17). Mtu atachukua ngazi 3 za Mpiganaji na 14 za Mjanja avune mara 6 kwa pumziko, sawa na Mpiganaji safi. Funga kwa ngazi za klasi yenyewe: mara 2 kwa ngazi ya 3, mara 3 kwa ngazi ya 9, mara 4 kwa ngazi ya 15, kwa pumziko fupi.

Ya 7 hujaandika mchezaji aamue lini. Kabla au baada ya kuona dadu? Kama ni baada ya kuona dadu na kabla ya kutangazwa matokeo, itafanikiwa mara nyingi zaidi kuliko kukisia. Sema wazi.

#17 FundiDadu

Sahihi kote. Ya 3 narekebisha kama ulivyoandika. Ya 7: aamue kabla dadu haijarushwa hadi ngazi ya 15, kuanzia hapo aone dadu kwanza. Hiyo ndiyo iwe zawadi ya 15, ile ya kutotumia kitendo cha kujibu naifuta, ilikuwa inaleta hesabu nyingi mezani.

Jambo jingine kwa warushaji. Kwa sheria za 2014 una nafasi moja tu ya bure ya kushika kitu katika zamu. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye mashambulio mawili atarusha mkuki mmoja alioushika, achomoe wa pili, aurushe, na akipata shambulio la tatu ngazi ya 11 amekwama. Sheria za 2024 zimeruhusu kuchomoa silaha ya kurushwa kama sehemu ya shambulio. Kama mnacheza za 2014, azimeni mstari huo mmoja. Vilevile Mwenye Ghadhabu wa 2014 hapati nyongeza ya ghadhabu kwa mkuki uliorushwa, ni kwa mapigo ya karibu tu. Wa 2024 anapata ilimradi anatumia Nguvu. Wachezaji wengi hugundua hili katikati ya pambano, ugomvi ukaanza.

#18 Bi_Msimamizi

Na jamani msiupe mkuki wa mkono mmoja kufika futi 10. Najua ni mrefu. Kuna kipaji cha silaha za mpini mrefu kinachotoa pigo la ziada la d4 kwa kitako cha silaha, na shambulio la kujibu mtu anapoingia eneo lako. Mkuki umo kwenye orodha ya kipaji hicho. Ongeza kufika futi 10 na ngao mkononi, na kila duru adui mmoja atapigwa kabla hajagusa, na mtu mwenye Kinga 20. Urefu wa mkuki umeshalipwa kwenye kurushwa.

#19 Kete_Mbili

Kuna kpinga ya Wazande, kile kisu cha kurusha chenye makali matatu manne yaliyotawanyika. Nadhani kinafaa: kivita, d6 ya kukata, ustadi, kurushwa 30/90. Hakina ala ya kawaida, hubebwa nyuma ya ngao, kwa hiyo: ukiwa umeshika ngao unakichomoa kama sehemu ya shambulio, hadi visu vitatu. Bila ngao, fuata sheria ya kawaida.

#20 FundiDadu

Safi kabisa. Sheria imetoka kwenye namna kinavyobebwa. Nakiingiza kama kilivyo.

#21 PangaButu

Mishale ya sumu je? Sumu ya kitabu ni dhahabu 100 na haifanyi kitu.

#22 Mwanahesabu_K

Kweli haifanyi. Kiwango cha kujinusuru ni 10, madhara d4, na inakauka baada ya dakika moja. Kiumbe chenye Uhimili +2 anashindwa kwa asilimia 35, yaani wastani wa 0.9 kwa pigo. Dhahabu 100!

Sumu ya mti wa Acokanthera inayotumiwa na wawindaji wa Wakamba, Wagiriama na Wawaata inagonga moyo, na mshale hufungwa kwa ngozi ili isikauke, unafunguliwa wakati wa kutumia. Hayo mawili ndiyo sheria yako:

Mshale uliofungwa haukauki. Kuufungua ni kitendo cha ziada, na unadumu dakika 1. Ukipata, mlengwa anajinusuru kwa Uhimili, kiwango 13. Akishindwa anapata 2d6 za sumu mwishoni mwa zamu yake ijayo, si papo hapo. Kiumbe kisicho na moyo unaodunda hakidhuriki. Mwindaji anatengeneza 2 kwa kila pumziko refu, na 3 kuanzia ngazi ya 9 ya klasi yake; ya zamani inapotea nguvu.

Uhimili +2 dhidi ya 13 ni asilimia 50, wastani 3.5 kwa pigo. Kwa mishale miwili na kupata kwa asilimia 65 ni kama 4.5 kwa siku. Ni kidogo, lakini kule kuchelewa ndiko kunakoleta uwindaji: unapiga, unafuata damu, unasubiri. Msimpandishie mchezaji kiwango kabla hamjacheza vikao viwili.

#23 Kijana_wa_Kete

Na gobori? Nataka rugaruga, wale wapiganaji wa zama za mtemi Mirambo.

#24 Bi_Msimamizi

Zipo tayari kwenye sheria za 2024, usibuni. Bunduki ndefu: d12 ya kuchoma, futi 40/120, mikono miwili, inahitaji kupakiwa, dhahabu 500. Bei ndiyo ya kugusa: katika ulimwengu wa misafara ya pembe ishushe hadi 150, lakini baruti na risasi zihesabiwe moja moja, na mvua iwe na maana. Ukishusha bei bila kuhesabu baruti, hakuna atakayeshika upinde tena. Rugaruga mwenyewe ni usuli, kama moran. Mpiganaji, Mjanja, hata Malenga anaweza kuwa rugaruga.

#25 Kete_Mbili

Malenga hamkumgusa. Kwake ni majina tu: lile tusi la uchawi linalomfanya adui akosee ni kijembe, na ile dadu anayoipunguza kwenye shambulio la adui ni kujibu kijembe. Mkimtaka mchezaji atoe mstari wenye vina kabla ya kurusha, iwe kwa hiari. Mkilazimisha, asiyejua mashairi hatacheza tena.

#26 PangaButu

Swali la mwisho: nikikusanya haya yote kwenye PDF, naweza kuiuza?

#27 FundiDadu

Sheria za wazi za 5.1 zilitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, CC BY 4.0, na za 5.2 zikafuata 2025 kwa leseni hiyohiyo. Unaweza kuuza mradi uweke tamko la kutaja chanzo kama lilivyo kwenye waraka. Lakini chunga kilichomo na kisichomo: kila klasi ina tawi moja tu ndani ya sheria za wazi. Kwa Mpiganaji ni Bingwa, ndiyo maana nilimwibia yeye. Vipaji na matawi ya vitabu vingine usiyanakili.

Kabla ya kuchapa pima kila silaha dhidi ya Kinga 13, 15 na 17, kwa ngazi ya 1, 5 na 11. Ngazi ya 1 yenye +5 dhidi ya 13 unapata kwa asilimia 65. Mkuki wa kitabu: 6.5 × 0.65 + 0.05 × 3.5 = 4.4. Mkuki wa moran: 7.5 × 0.65 + 0.05 × 4.5 = 5.1. Sime mbili, mkono huu na huu: 4.4 + 2.45 = 6.85, ila huna ngao na kitendo cha ziada kimekwenda. Silaha yako ya mkono mmoja ikizidi 5.1 bila kupoteza chochote, irudishe mezani uitafutie gharama.

#28 PangaButu

Shoteli yangu imetoka 4.4 kwa wasio na ngao. Dhidi ya askari wa mji mwenye ngao na Kinga 15 jumla, bado 4.4, na mkuki wa moran unashuka hadi 4.4 pia. Kumbe zinalingana.

#29 Mwanahesabu_K

Na akiwa na Kinga 17, shoteli inapita. Iache hivyo hivyo.